Jibu la Wageni

Kuna watu ambao wakikaa kwenye kiti, kinachochoka ni kiti. Fundi baiskeli wa kijiji hiki ni wa ukoo huo. Anaziba pancha amesimama, anakula amesimama, na hata msibani, watu wakiwa wameinamisha vichwa, yeye utamwona mara anasogeza mabenchi, mara anachungulia kama maji yapo, mara katoka nje kutazama nani anakuja. Watu wakamwita Kiguu na Njia, na jina hilo likamganda kuliko lile alilopewa na wazazi wake.

Lakini usimcheke mapema. Kwa jambo moja kijiji kizima kilimtegemea, nalo ni wageni. Nasema wageni wa kazi, wale wanaokuja na makabrasha na maswali, wanaouliza mnakula nini na mnalala saa ngapi. Kiguu na Njia alikuwa na kipaji cha kuwasoma. Mgeni akishuka tu kwenye gari, yeye anamtazama viatu, anatazama macho yake yanaelekea wapi, na kabla salamu hazijaisha ameshajua kilichomleta. Basi anatoka mbio nyumba hadi nyumba: huyu ni wa miti. Na siku hiyo kijiji kizima kinapenda miti kwa moyo wote. Mwaka uliofuata akaja wa nyuki, na watu waliokuwa wakikimbia nyuki tangu utotoni wakasema hakuna kitu wanachokitamani kama mzinga. Kiguu na Njia hakuwahi kumjibu mgeni kwamba hajui. Aliona ni aibu, sawa na kumnyima mgeni maji ya kunywa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema. Ukweli ni kwamba mwenyeji alikuwa hajapona bado. Miti ilikuja ikaliwa na mbuzi, na mizinga iko nyuma ya ghala imejaa buibui. Lakini kitu kimekuja bure, nani akirudishe? Ndivyo walivyozoea, na mazoea yana taabu.

Kisha akaja Bi Afisa.

Alikuja peke yake akiendesha pikipiki mwenyewe, mdogo wa umbo, kofia ngumu imembana mpaka masikio yamekuwa mekundu. Walimpokea kwenye ghala la zamani la ushirika, lile lenye harufu ya magunia ambayo hayapo tena. Kiguu na Njia alikuwa mbele, kwa kuwa ndiye aliyechaguliwa kuongoza kamati ya watoto, na nani mwingine angechaguliwa? Nyuma kabisa walikaa wanawake wa machimboni, vumbi la mawe bado limo kwenye nyusi. Kati yao alikuwamo binti yake, na mapajani mwa binti alilala mjukuu wa kike ambaye walimwita Chiriku, kwa sababu akiwa macho anasema bila kupumua.

Bi Afisa alisema maneno machache, na hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Alieleza kwamba kijiji kina fungu lake la fedha za malezi ya watoto wadogo, wale ambao bado hawajaanza shule. Zamani fungu hilo lilipangiwa kazi mjini, na kijiji kilikuwa kinaletewa tu. Sasa imeamuliwa kwamba wenye watoto ndio watakaosema lifanye nini.

"Mimi sina kura hapa," alisema. "Amueni ninyi. Nitarudi wiki ijayo kuchukua jibu, na nitaandika mlichosema, basi."

Kisha, ili asiwaingilie, akatoka nje na kuufunga mlango.

Hakuna aliyemwamini hata chembe. Si kwamba walimwona mwongo, la, walimwona mjanja. Mwalimu akitoka darasani wakati wa mtihani, je, majibu sahihi hubadilika? Jibu lipo, na yule dada analo kifuani. Kazi ni kulijua. Watu wote wakageuka kumtazama Kiguu na Njia.

Naye, kwa mara ya kwanza katika kazi yake, alikuwa amekwama. Viatu vya Bi Afisa vilikuwa ndara za mpira, na ndara hazisemi kitu. Akasimama, akaenda dirishani, akarudi, akaenda tena. Kupitia ufa wa ubao akamwona yule dada akipanda taratibu kuelekea barabarani. Alipofika kwenye kile kiwanja kitupu kando ya barabara alisimama katikati yake. Akainua mkono juu. Akageuka upande huu, akasogea hatua kadhaa, akageuka upande ule.

"Anapima," Kiguu na Njia akasema, na furaha ikamrudia mwilini. "Jamani, anapima kiwanja. Ni jengo."

Ungewasikia walivyoshusha pumzi. Wa kwanza kufurahi alikuwa mwashi, rafiki yake wa tangu utoto, ambaye walimwita Timazi, jina la kile kipimo cha waashi, kwa vile hajapata kuona ukuta wa mtu mwingine uliosimama sawa. Timazi akasema kiwanja kile hakihitaji hata kusawazishwa sana. Hapo Kiguu na Njia akapata upepo, akapanga jengo lote kwa mdomo: darasa la watoto pale barabarani, bati la bluu, herufi zimechorwa ukutani, na bango kubwa ili kila anayepita aone. Akauliza nani anakubali. Mikono ikainuka. Ule wa binti yake ulichelewa kidogo. Alimtazama baba yake, akamtazama mtoto aliyelala, kisha nao ukainuka. Kiguu na Njia aliuona ule uchelewaji, ukamchoma kidogo kama mwiba wa mchongoma, lakini alikuwa na haraka ya kuhesabu.

Sasa nikueleze habari ya Chiriku, kwa maana bila hiyo hutanielewa.

Binti wa Kiguu na Njia anaponda kokoto. Wanawake wengi hapa wanaishi kwa kokoto, tangu mashamba yalipochoka. Wanakaa chini juu ya matairi chakavu, kila mmoja na nyundo yake na rundo lake, wanaponda mpaka lori lije. Jiwe wanaliweka ndani ya pete ya mpira, iliyokatwa kwenye tyubu kuukuu ya baiskeli, ili lisirushe vipande ovyo. Pete hizo hutoka kwa Kiguu na Njia, naye huwapa bure na kujisifia. Lakini pete si mama. Vipande vinaruka hata hivyo, na watoto wako palepale, maana wangekuwa wapi? Kwa hiyo jambo la kwanza analofundishwa mtoto wa machimboni, kabla hata hajasimama vizuri, ni kuipa nyundo mgongo. Anacheza amegeuka. Anakula amegeuka.

Chiriku alilijua somo hilo kuliko wote. Siku moja moja alipoletwa karakana kwa babu yake, Kiguu na Njia akichukua tu nyundo kunyoosha rimu, mtoto anageuka chap, anaangalia ukuta, na mdomo haukomi kusema. Wateja walicheka. Babu alicheka kuliko wote, na wakati mwingine aliichukua nyundo bila kazi ili wamwone. Nasema hivyo kwa uchungu, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Na kwa nini mtoto asikae kwa babu yake kila siku, akanusurika? Nalo lilijaribiwa. Mkewe alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo binti alimwachia baba yake mtoto, akaenda kazini na moyo mweupe. Saa ya jua kali watu walimkuta Chiriku katikati ya barabara, amesimama anaongea na ng'ombe wa watu, lori limesimama linapiga honi. Babu alikuwa amechomoka mara moja kwenda kuona nani kaja kwa mwenyekiti. Kesho yake binti akambeba mwanawe mgongoni, akaenda naye machimboni, na habari ya babu kulea haikurudi tena mdomoni mwake.

Basi baada ya ule mkutano Kiguu na Njia alitembea kifua mbele, lakini hakukalika. Mwiba ule ulikuwa bado umo. Alizunguka kiwanja, akarudi karakana, akafungua gurudumu, akaliacha limefunguliwa, akaenda kumtazama Timazi akitandaza kamba za vipimo. Timazi alimwambia atulie, baiskeli zenyewe siku hizi zina breki. Hapo ndipo alipokuja mwanamke mmoja anakimbia, kanga mkononi, akasema, Chiriku yuko zahanati.

Sitaki kukutia hofu bure, mtoto alikuwa hai. Alikuwa amekaa kitandani, kitambaa cheupe kimefungwa juu ya jicho la kushoto, na cha ajabu, amenyamaza. Nesi alieleza kwamba kipande cha jiwe kimepasua juu kidogo ya nyusi. Kingeshuka upana wa kidole, wangekuwa wanazungumza habari nyingine. Kiguu na Njia alisimama, akaenda mlangoni, akarudi, akashika chuma cha kitanda, akakiachia. Akamuuliza binti yake, kwani hakugeuka? Si anajua kugeuka?

"Nilimwita mimi," binti akasema. Alikuwa anatazama mikono yake. "Alikuwa amenipa mgongo vizuri tu. Nikamwita anywe maji. Akageuka kwa sababu nilimwita."

Maneno hayo yalimwingia mzee yule mahali ambapo hapafikiwi na kitu. Akatafuta la kumpoza, na kama kawaida yake akalipata haraka. Akamwambia asijali, darasa litajengwa, na likishajengwa mambo haya yamekwisha.

Binti yake akainua macho.

"Baba, darasa liko barabarani. Mimi niko machimboni. Nani atampeleka? Nani atakaa naye likifungwa mchana? Nikipanda na kushuka kile kilima, nitaponda saa ngapi?"

"Sasa mbona ulinyoosha mkono?"

"Si wewe ndiye unayewajua wageni? Uliposema darasa, nikajua basi, hela zenyewe ni za darasa. Mtu akipewa bati, ataomba shuka?"

Hakusema kwa hasira. Afadhali angesema kwa hasira. Kiguu na Njia alitoka pale zahanati miguu ikimpeleka yenyewe, na njia nzima alikuwa akijiuliza ni wangapi walionyoosha mkono namna ile.

Akaamua kuuliza. Jioni ile alianza nyumba ya kwanza, na huko ndiko alikokutana na adhabu yake. Maana alikuwa amevaa shati la kola, na ndiye kiongozi wa kamati, na ana swali. Mwenye nyumba alimkaribisha, akampa kiti, akamtazama usoni kwa makini, kisha akasema darasa ni jambo zuri mno, na bango lile hasa. Nyumba ya pili, vivyo hivyo. Nyumba ya tatu walimsifu mpaka akaona haya. Alipokuwa anatoka alimsikia mama mwenye nyumba akimnong'oneza jirani kupitia ua: huyu kaja kwa habari ya darasa, sema unalitaka. Ndipo alipoelewa kwamba leo mgeni ni yeye. Alisimama njiani, akataka kucheka, na kicheko hakikuja.

Usiku ule kitanda kilimshinda. Kulipokucha hakufungua karakana. Alivaa fulana yake ya kazi iliyojaa grisi, akachukua furushi la pete za mpira, akashuka machimboni. Binti yake hakuwepo, alibaki nyumbani kumwangalia mwanawe, na nafasi yake ilikuwa wazi: tairi, nyundo, na rundo lililoachwa nusu. Akakaa hapo. Wanawake wakatazamana. Mmoja akauliza kama kuna mgeni anakuja. Akasema hakuna, amekuja kuponda kokoto za mwanawe ili lori lisimpite.

Alikuwa mpondaji mbovu. Alijipiga kidole, wakacheka. Kipande kikamruka kikampata shavuni, wakamtazama kama ameumia, kisha wakacheka tena. Jua likapanda. Hakuuliza kitu, na kwa mtu kama yeye kutouliza kulikuwa kazi nzito kuliko kuponda. Miguu ilimcheza mbele ya tairi. Mbele yake watoto walikuwa wamekaa mstari, migongo yote kwao, kila mmoja anacheza na kokoto zake akiutazama ule ukuta wa mwamba. Alikuwa amewaona hivyo miaka yote. Leo alijikuta anatamani kumwona hata mmoja uso, akaogopa kumwita.

Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa jirani yake kwa upande wa kulia, akaanza kusema bila kumtazama. Akasema, yeye angekuwa na la kusema, angeomba kivuli. Pale nyuma ya mwamba, ambako vipande havifiki, na mama akikohoa mtoto anasikia. Kivuli na mtu wa kukaa na watoto, anayelipwa, asiye na nyundo mkononi.

"Sasa mama yangu, kwa nini hukusema mkutanoni?"

"Niseme mimi, halafu niwakoseshe wenzangu darasa? Nilijua wote mnalitaka."

"Hata mimi nilidhani wewe unalitaka," akadakia mwingine.

Yakaanza kutoka, moja baada ya jingine, na hakuna mwanamke hata mmoja pale aliyekuwa amelitaka lile darasa barabarani. Walikuwa wamepigiana kura za adabu. Kiguu na Njia akaruka juu na nyundo yake, akasema basi yamekwisha, Bi Afisa akija yeye mwenyewe atamweleza, anajua pa kumshikia, atampangia maneno mpaka...

"Kaa chini," mama yule akamwambia. "Ndiyo haya haya yaliyotufikisha hapa."

Akakaa.

Kwa Timazi hakukuwa rahisi. Rafiki yake alikuwa ameshachimbia vigingi, ameshaahidi vijana kazi, na alimsikiliza amekunja mikono. Alimwambia juzi umenivika shati, leo unanivua mbele za watu. Alimwambia kivuli ni kitu cha kuku. Kiguu na Njia akasema hata kivuli kina nguzo, na nguzo zinataka timazi. Lakini mwenzake hakutaka mzaha siku ile. Alisema siku ya mkutano atakuja, ataupigia kura ukuta wake, na wenye kokoto wapige yao. Waliachana bila kupeana mkono, jambo ambalo tangu waanze kujuana halijatokea, na lilimuuma Kiguu na Njia zaidi ya kidole alichokiponda.

Bi Afisa akarudi na pikipiki yake. Ghala lilijaa kuliko mara ya kwanza. Chiriku alikuwepo, kitambaa bado kichwani, amerudiwa na maneno yake, anamweleza kila mtu habari za nesi. Watu wakamtazama Kiguu na Njia, naye akasimama. Mdomo wake, kama farasi anayeijua njia ya zizini, ulikuwa tayari kwenda. Akaushika. Akasema, kwa shida, kwamba jibu lilikuwa tayari lakini si lao. Walichagua jengo kwa sababu walimwona Bi Afisa akipima kiwanja.

Bi Afisa akashangaa. "Kiwanja gani?"

"Pale barabarani. Ulisimama, ukainua mkono, ukageuka hivi, ukageuka vile."

Yule dada akafikiri kidogo, kisha akajifunika uso kwa viganja. "Mzee wangu," akasema, "nilikuwa natafuta mtandao."

Kicheko kilichopasuka pale ghalani kiliwafukuza njiwa darini. Hata Timazi alicheka, kisha akakumbuka kwamba amenuna. Kiguu na Njia alicheka akifuta macho, na aibu ikamshika papo hapo, maana kwa ajili ya mtandao wa simu kijiji kilikuwa kimeliweka rehani jicho la mjukuu wake.

"Haya, tuambie sasa," mzee akamwambia Bi Afisa. "Wewe mwenyewe unataka nini?"

Bi Afisa alifungua mdomo. Ilionekana wazi kwamba jibu analo, ana elimu yake na ameona vijiji vingi. Akaufunga. Akasema yeye hana mtoto huku.

Hapo binti wa Kiguu na Njia akasimama kule nyuma. Hakuwahi kusema mkutanoni, na sauti yake ilianza chini ikapanda. Akasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Waliokilalia wapo humu, lakini wakiwa na watu wa kuwatazama usoni watasema tena kile wanachodhani kinatakiwa. Kwa hiyo anaomba, kwa heshima, wenye watoto wadogo wabaki, na wengine wote wawapishe kwanza. Na Bi Afisa naye awapishe.

Wazee wakaguna. Mwenyekiti wa kijiji akatazama dari. Lakini Bi Afisa alikuwa wa kwanza kuchukua kofia yake, na baada ya hapo wengine wangebaki kwa sura gani? Kiguu na Njia, kiongozi wa kamati, alisimama katikati ya ghala hajui kama yeye ni wa ndani au wa nje. Binti yake akamjia amembeba Chiriku. Akamkabidhi.

"Kaa naye," akasema, kwa sauti ya chini ili asimwaibishe. "Kukaa, baba. Si kupita."

Akampokea. Mlango ukafungwa nyuma yake.

Akakaa kwenye ngazi ya ghala, mjukuu mapajani. Huo ndio ulikuwa mtihani wenyewe, na usione ni mdogo. Miguu yake ilianza kumwasha mara moja. Ndani sauti zilianza kupanda, na dirisha lenye ufa lilikuwa palepale, hatua chache tu. Barabarani lori likapiga breki, vumbi likainuka, nani huyo aliyeshuka? Mteja akaja anasukuma baiskeli iliyopasuka tairi, akamwita, akaita tena, akauliza kama anaumwa. Kiguu na Njia akamwambia aiache ukutani. Chiriku alikuwa anamweleza habari ya dawa chungu, akaanza upya, akaeleza tena, na babu yake, jasho likimtoka, alisema enhe, enhe, akasikia kila neno.

Pembeni yao Timazi hakutaka kuondoka wala kuonekana anasubiri. Alikuwa ameliona benchi la ghala limelegea mguu, akatoa nyundo na misumari, akaanza kuligongomea kwa hasira zote za ukuta wake. Bi Afisa naye akaja akakaa kwenye ngazi, ndara zake zimejaa vumbi.

Ndani walikuwa wanagombana. Kwa mikutano yote iliyopata kufanyika kwenye ghala lile, hii ilikuwa mara ya kwanza watu kugombana, kwa kuwa zamani jibu lilikuwa linajulikana kabla ya swali. La kivuli lilikwisha mapema, alisikia. Sasa walikuwa wanagombea nani atakaa na watoto, na atalipwaje, na mwenye mtoto wa kunyonya afanyeje, na kama zikibaki zinunue nini. Mtu alisema jambo, mwingine akalikataa waziwazi bila kuomba radhi.

Bi Afisa alisikiliza kidogo. Kisha akamgeukia, na lilikuwa swali la mgeni hasa, lenye heshima na lenye kutaka jibu.

"Mzee, unadhani wataamua nini?"

Kiguu na Njia alimtazama viatu, kwa mazoea tu. Jibu zuri lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limenyooka, limevaa shati la kola. Akalimeza.

"Sijui," akasema.

Timazi akasimamisha nyundo hewani, akamtazama rafiki yake kama anayesikia kwamba jua limechomoza magharibi. Kisha akalipiga benchi tena, msumari ukalia. Chiriku akageuka palepale, akaipa nyundo mgongo, uso wake ukaelekea mlangoni, ambako mama yake alikuwa anasema na hakuna aliyemkatiza. Babu yake hakucheka. Alimzungushia mkono, akamwambia aendelee na ile habari ya dawa, na akaendelea kukaa.